UZI: Kutoa wakati kesho haionekani. Yeremia alinunua shamba mji ukiwa umezingirwa

#1 Mleta uzi

Bwana Yesu asifiwe, wakuu. Ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu na leo naomba tulijadili kwa utulivu. Namwandikia Mkristo ambaye kipato chake hakina uhakika. Mwenye mkataba unaokaribia kuisha na hajaambiwa lolote. Mwenye duka ambaye wateja wanakopa kuliko wanavyolipa. Yule aliyekuwa mshauri nasaha au karani wa takwimu kwenye mradi wa afya, akasikia Januari 2025 kwamba Marekani imesimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na ilipofika Julai 1 mwaka ule ule USAID yenyewe ikafungwa. Watu hawa tunao kwenye jumuiya zetu na kwenye kwaya zetu. Wengine ndio waliokuwa wanabeba ahadi kubwa za jengo la kanisa. Vyuma vimekaza kweli kweli.

Katika hali hiyo tunasikia mahubiri ya aina mbili. Moja linasema: toa yote, panda mbegu, kabla mwezi haujaisha utarudishiwa mara mia. La pili halisemwi madhabahuni, linasemwa sebuleni: kwa sasa tujifungie, tuangalie watoto wetu, utoaji tutaurudia mambo yakikaa sawa. Kwa maoni yangu yote mawili yametoka kwenye hofu ile ile. Wa kwanza anatoa ili ajinunulie uhakika wa kesho, wa pili anazuia kwa sababu hiyo hiyo.

Biblia ninayoisoma ina watu waliotoa kwa ujasiri wakiwa gizani kabisa kuhusu kesho yao, na wengi wao hawakuahidiwa kurudishiwa walichotoa. Waliamini tu kwamba kesho ina mwenyewe. Na hawakutoa kwa kukurupuka. Walihesabu, waliandika, waliweka mashahidi.

Chukueni Yeremia, sura ya 32. Ni mwaka wa kumi wa mfalme Sedekia. Jeshi la Babeli limeizunguka Yerusalemu, njaa imeanza kuuma mjini, na Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa kosa la kutabiri kwamba mji utatekwa. Hapo ndipo anakuja binamu yake, Hanameli, anamwambia ninunulie shamba langu lililoko Anathothi, maana haki ya kulikomboa ni yako. Anathothi iko katika nchi ya Benyamini, kilomita chache tu kaskazini-mashariki ya Yerusalemu, na wakati huo adui ameshaitawala sehemu hiyo. Kwa akili ya soko shamba lile halina thamani hata ya shekeli moja.

Yeremia akalinunua. Akapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, karibu gramu 200 kwa vipimo vyetu. Akaandika hati, akatia muhuri, akaita mashahidi, akamkabidhi Baruku mwana wa Neria nakala mbili, moja iliyofungwa na moja iliyo wazi, akamwagiza aziweke katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Neno aliloambiwa na Bwana ni kwamba nyumba na mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi hii.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana tunapita haraka. Yeremia hakulima lile shamba. Mwaka uliofuata mji ulianguka, na baadaye kundi la watu likamchukua kwenda naye Misri, sura ya 43 inasimulia. Hatusomi popote kwamba alirudi Anathothi. Alilipa fedha halisi kwa ajili ya kesho ya watu wengine.

Jambo la pili, baada ya kulipa aliomba, na maombi yake yana mshangao ndani yake. Mstari wa 25 anamwambia Mungu kwa maneno yake mwenyewe: umeniambia ninunue shamba, na huku mji umetiwa mikononi mwa Wakaldayo! Alitii kwanza, akauliza baadaye, na Mungu hakumkemea kwa kuuliza. Kwa hiyo wewe ambaye umemlipia mtoto wa marehemu dada yako ada ya muhula, ukarudi nyumbani ukalala macho wazi ukimuuliza Mungu sasa kodi ya nyumba inatoka wapi, usijione huna imani.

Naendelea. Nitaweka sehemu ya pili muda si mrefu.

#2 Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, siti ya mbele kabisa. Hilo la Yeremia kutolima shamba sijawahi kulisikia likihubiriwa, na kanisani nimekaa tangu utotoni. Shusha nondo.

#3 Mleta uzi

Asante mkuu. Sehemu ya pili.

Mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17, tunamjua wote. Ukame, konzi moja ya unga, mafuta kidogo, kuni mbili tatu, na mama anayejiandaa kupika chakula cha mwisho yeye na mwanawe. Nawaomba mwangalie muujiza wenyewe ulikuwa wa namna gani. Pipa la unga halikupunguka na chupa ya mafuta haikuisha mpaka mvua iliponyesha. Hatuambiwi kwamba pipa lilijaa likafurika. Hatuambiwi kwamba alipata magunia akafungua duka. Kila asubuhi alikuta unga wa siku hiyo. Hata mana ya jangwani ilikuwa vivyo hivyo, aliyeilimbikiza mpaka asubuhi aliikuta imeingia mabuu, Kutoka 16.

Wakristo wengi ninaowajua wanaishi maisha hayo hayo. Wametoa, wamesaidia, na hawajawa matajiri. Lakini mlo umepatikana na watoto wamesoma, na ukiwauliza ilikuwaje hawawezi kukueleza kwa hesabu. Ushuhuda wa aina hii haupewi kipaza sauti kwa sababu hauna gari jipya ndani yake. Mimi naona ndio ushuhuda mkubwa.

Sasa Wamakedonia, hawa ndio moyo wa uzi wangu. Wakati wa Kaisari Klaudio kulikuwa na njaa, Matendo 11 inasema nabii Agabo aliitabiri na kanisa la Antiokia likapeleka msaada Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli, kila mtu kwa kadiri alivyoweza. Mwanahistoria Myahudi Josephus naye anaitaja njaa hiyo. Anasimulia jinsi Helena, malkia wa Adiabene, alivyonunua nafaka Misri na tini kavu Kipro akawapelekea watu wa Yerusalemu. Miaka ilipita na watakatifu wa Yerusalemu wakabaki maskini. Kufika katikati ya miaka ya 50 Paulo anaendesha mchango mkubwa katika makanisa ya watu wa Mataifa kwa ajili yao.

Waliotoa kwa namna iliyomshangaza Paulo hawakuwa Wakorintho wa mji wa bandari na biashara. Walikuwa watu wa Makedonia: Filipi ambako Paulo na Sila walipigwa bakora wakatupwa gerezani, Thesalonike ambako Yasoni alikokotwa mbele ya wakuu wa mji. 2 Wakorintho 8 inasema walikuwa katika dhiki nyingi na umaskini mkubwa, na bado walimsihi Paulo sana awape nafasi ya kushiriki. Yaani mchangishaji anataka kuwapunguzia mzigo, wao wanamwomba asiwaache nje. Na mstari wa 5 unasema walijitoa nafsi zao kwa Bwana kwanza. Fedha ilifuata baadaye.

Tena mstari wa 13 unakata kabisa ile tabia ya kumkamua maskini: Paulo anasema hataki wengine wapate raha na wao wapate dhiki, anataka mambo yawe sawasawa. Na mstari wa 12, sadaka hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Ningependa mstari huu ubandikwe ukutani katika kila ofisi ya mhasibu wa kanisa.

#4 Mchangiaji, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa humu. Kaka mleta uzi, nimesoma yote na nimeguswa, ila nina swali na naomba usilikwepe.

Mume wangu ni mtu wa Mungu na ninampenda. Tatizo kila ikitangazwa sadaka ya kujimaliza, yaani kutoa kila ulicho nacho, anajimaliza kweli. Mara mbili tumefukuzwa nyumba ya kupanga. Mama yake mzazi yuko kijijini ana kisukari na ni mimi ninayemtumia hela ya dawa kutoka kwenye biashara yangu ya vitenge. Nikisema neno naambiwa nina roho ya Yezebeli. Nifanyeje? Mimi sipingi kutoa. Nimezaliwa kwenye nyumba ya Mwinjilisti, tumekula mihogo ili wageni wale wali.

#5 Mleta uzi

Marahaba dada yangu. Pole sana, na swali lako silikwepi.

Kwanza, hilo jina uliloitwa si haki yako. Kuulizia kodi ya nyumba ni kutunza nyumba.

Marko 7 kuanzia mstari wa 9, Yesu anawasema waliokuwa wanamwambia baba au mama: kile ambacho kingekufaa kimekuwa Korbani, yaani kimewekwa wakfu kwa Mungu. Anasema kwa desturi hiyo wanalitangua neno la Mungu. Mama yule wa kijijini mwenye kisukari ndiye hasa anayezungumziwa pale. Na 1 Timotheo 5:8 ni kali zaidi, inasema asiyewatunza walio wake, na hasa wale wa nyumbani mwake, ameikana imani.

Najua wengi watamleta mjane wa senti mbili, Marko 12. Mimi namheshimu sana mama yule, na Bwana alimsifu. Lakini someni mstari wa 40, kabla tu ya yeye kuingia: Yesu anawaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu kwa unafiki. Kisha geuzeni ukurasa, sura ya 13 mstari wa 2, anasema hekalu lile halitabaki jiwe juu ya jiwe. Mjane amewekwa katikati ya maneno hayo mawili. Mama alitoa mwenyewe, kimya kimya, hakuna aliyemshurutisha kwa kipaza sauti. Anayemtumia mama huyu ili kumaliza akiba ya wajane wengine anasimama upande wa wale waandishi.

Ushauri wangu kwa mumeo, na nausema kwa heshima: mkae wawili mpange kabla ya Jumapili, si ndani ya ibada muziki ukiwa juu. Paulo aliwaagiza Wakorintho hivyo hivyo, 1 Wakorintho 16:2, siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke kwake kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, ili michango isifanyike atakapofika yeye. Aliogopa mihemko ya siku ya mgeni. Na ukiona hamwelewani, mtafute mchungaji mwingine anayeaminika, au wazee wa familia. Usibebe peke yako.

#6 Mchangiaji, Kilifi

Salamu kutoka pwani ya Kenya. Nawasoma nikiwa karibu na Shakahola, na nadhani mnaelewa kwa nini uzi huu haunipiti.

Tangu Aprili 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu ule. Watu waliacha kazi, wakatoa watoto shule, wakaingia porini kufunga mpaka kufa ili wakutane na Bwana. Jirani zangu wengine mpaka leo hawataki kusikia neno imani ya ujasiri. Na siwalaumu. Kwa hiyo ndugu yangu, unapoandika ujasiri, tuonyeshe mpaka uko wapi. Watu wetu wana kiu ya Mungu na kiu hiyo imetumiwa vibaya.

#7 Mchangiaji, Moshi

Kuunga mkono hapo juu. Hapa kwetu Februari 1, 2020, uwanja wa Majengo, watu 20 walikanyagana wakafa wakikimbilia mafuta ya upako. Mungu awapumzishe. Wengi walikuwa watu wa kawaida kabisa wenye mgonjwa nyumbani au deni. Sitaki kumhukumu mtu aliyekwenda pale. Shida ikikuzidi unakimbilia popote.

#8 Mleta uzi

Ndugu wa Kilifi, ndugu wa Moshi, asanteni, na poleni. Mmelitaja jambo ambalo nisingeweza kulipita.

Mpaka mimi nauona hivi. Angalia kile unachotoa kinaishia kwa nani, na anayekuomba anakubali kuulizwa au hakubali. Ya Yeremia ilikuwa na hati iliyo wazi na mashahidi. Mchango wa Paulo ulibebwa na Tito na ndugu wengine wawili waliojulikana na makanisa, na 2 Wakorintho 8:20-21 anatoa sababu: hataki mtu apate la kuwalaumu kuhusu fedha hizo, anaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Mtume mwenyewe, aliyemwona Bwana njiani Dameski, hakubeba begi la fedha peke yake. Sasa nani leo amekuwa mkubwa kuliko Paulo kiasi kwamba kumuuliza mapato na matumizi ni kumkosea Roho Mtakatifu?

Hata kwa Anania na Safira wa Matendo 5, ambao hutumiwa kuwatisha watu, Petro alisema kiwanja kilikuwa chao, na hata baada ya kuuza fedha ilikuwa katika uwezo wao. Kilichowaua ni uongo. Hakuna aliyewalazimisha kuuza.

Na imani inayomtaka mtu amwache mtoto wake afe njaa, hiyo Yakobo hakuiandika. Yeye aliuliza: ndugu yako akiwa uchi na hana riziki, ukamwambia enenda kwa amani ukaote moto, yafaa nini?

#9 Mchangiaji, Songea

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa jumuiya ndogo ndogo, naomba niseme tunavyofanya sisi maana naona mazungumzo yamekaa kwenye maandiko, nami napenda vitendo.

Kwenye jumuiya yetu tuna familia zisizofika ishirini. Tukisali nyumba kwa nyumba tunaona wenyewe. Ukiingia kwa mtu ukakuta jiko halijawashwa, huhitaji kuambiwa. Tuna daftari la matendo ya huruma, tofauti na zaka, tofauti na mchango wa parokia. Mtu akiuguliwa au akipoteza kazi, viongozi watatu wanakwenda, wanasikiliza, wanarudi. Tunachotoa mara nyingi si fedha. Ni debe la mahindi, mkaa, nauli ya kwenda hospitali, au mtu wa kulala na mgonjwa ili mama mwenye nyumba apumzike.

Msimu uliopita bei ya mahindi ilitusumbua, kila mtu analia. Tukasema tusimamishe daftari mpaka tuvune? Bibi mmoja mzee kuliko sisi wote akasimama akasema hapana, msimu wa shida ndio daftari liliandikiwa. Akaleta kuku. Tumeendelea mpaka sasa.

#10 Mchangiaji, Mwanza

Mama wa Songea, umenikumbusha mnada baada ya ibada kwetu Walutheri. Mtu asiye na fedha analeta mayai, ndizi, muwa, kuku. Yananadiwa pale nje. Mwenye nacho ananunua kwa bei ya juu makusudi, kisha anamrudishia yule mama kuku wake au anampa mgonjwa. Mali inazunguka na hakuna anayeona aibu kwa kutokuwa na noti.

Swali langu kwa mleta uzi. Paulo huyo huyo, 2 Wakorintho sura ya 9 mstari wa 6, anasema apandaye haba atavuna haba, apandaye kwa ukarimu atavuna kwa ukarimu. Je, wanaohubiri mbegu wamekosea nini hapo?

#11 Mleta uzi

Swali zuri, na sitaki kuufuta mstari kwa sababu tu umetumiwa vibaya. Mungu hubariki anayetoa. Naliamini hilo kwa moyo wangu wote.

Ila soma mpaka mstari wa 11. Wa 8 unasema Mungu aweza kuwajaza kila neema ili, mkiwa na riziki za kila namna siku zote, mpate kuzidi katika kila tendo jema. Wa 10 unasema anayempa mbegu apandaye atazizidisha mbegu zenu na kuongeza mazao ya haki yenu. Wa 11 unasema mtatajirishwa katika vitu vyote mpate kuwa na ukarimu wote. Mavuno anayoyaahidi Paulo yanaelekea mikononi mwa mtu mwingine tena. Unaongezewa ili utoe tena. Na mstari wa 7 unataka kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Kilichokosewa ni kugeuza ahadi hii kuwa mkataba wenye tarehe, halafu tarehe ikipita mtu anaambiwa imani yako ilikuwa ndogo. Nimeona watu wazuri wakiacha kanisa kwa ajili hiyo, wakidhani Mungu amewatapeli, kumbe Mungu hakuwaahidi tarehe.

Ongezeni na huyu. Mwaka 368 na 369 Kapadokia, katika nchi ya Uturuki ya sasa, ilipigwa na ukame na njaa. Basili alikuwa padre wa Kaisaria, hajawa askofu bado. Matajiri walifungia nafaka ghalani wakisubiri bei ipande. Basili alisimama akahubiri juu ya yule tajiri wa Luka 12 aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, na ghala zikafunguliwa, na yeye mwenyewe akasimamia kulisha wenye njaa. Baadaye, akiwa askofu, akajenga nje ya mji mahali pa kutunzia maskini, wasafiri na wenye ukoma. Hakuwaambia wenye njaa watoe sadaka ya kujimaliza. Aliwaendea wenye ghala.

#12 Mchangiaji, Kagera

Nami niseme la kwetu, kwa sababu vijana wengi hawajui.

Aprili 28 na 29, mwaka 1994, karibu watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi. Wilaya nzima ya Ngara haikuwa na watu wengi kuliko hao. Benaco, kambi yao, ikawa kama mji mkubwa kwa usiku mmoja. Mashirika makubwa yalikuja na mahema na malori, lakini kabla ya malori kulikuwa na watu wa vijijini wenye migomba na visima vyao. Miti ilikatwa, maji yakapungua, kulikuwa na wizi, na ndani ya kambi walikuwamo pia waliokuwa wameua watu katika mauaji ya kimbari kule Rwanda. Sisemi ilikuwa hadithi tamu.

Makanisa yaliingia. Shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lilikuwapo tangu 1964, na miaka ya 70 lilishafanya kazi na Warundi waliokimbia kwao 1972, kule Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Warundi wale wakalima, wakalisha masoko ya Tabora na Rukwa, na mwaka 2014 takriban 162,000 kati yao wakapewa uraia wa Tanzania. Waliowapokea mwaka 1972 hawakujua hayo. Nchi yenyewe ilikuwa maskini. Wazee waliogawana nao jembe walidhani ni wageni wa mwaka mmoja.

#13 Mleta uzi

Mzee wangu wa Kagera, shikamoo. Hilo ndilo shamba la Anathothi katika ardhi yetu wenyewe. Nashukuru umelileta, na nashukuru hukuficha upande wa maumivu.

#14 Mchangiaji, Dar es Salaam

Kaka, ni mimi wa swali la juu. Jana usiku nilimsomea mume wangu Marko 7, sikumwambia nimeitoa wapi. Alikaa kimya muda. Kisha akauliza mama anahitaji shilingi ngapi za dawa kwa mwezi. Hakuwahi kuuliza. Bado hatujamaliza, ila nimeona niwaambie.

Sasa nina swali lingine. Tukikaa mezani kupanga kama ulivyosema, tunaanza na nini? Maana fedha yenyewe haitoshi hata tukipanga.

#15 Mleta uzi

Dada yangu, Mungu apewe sifa. Naandika haya nikiwa na furaha kubwa.

Mimi na mke wangu tunaanza na waliotegemezwa kwetu na Mungu moja kwa moja: chakula, kodi, ada, dawa za wazazi. Hapo hapo, kabla hesabu haijaisha, tunatenga sadaka ya kanisani na fungu dogo la jirani. Mnisamehe wanaopanga tofauti, ila sisi hatusubiri kinachobaki, maana mwezi wenye dhiki haubakizi kitu. Fungu la jirani likiwa elfu mbili, ni elfu mbili. Tunaliandika na tunalitamka kwa sauti mbele ya watoto, wajue lipo.

Fungu hilo halina jina la mtu mwanzoni mwa mwezi. Jina huja lenyewe. Mwezi uliopita lilikwenda kwa kijana wa mtaani aliyepunguzwa kazi, akakosa nauli ya kwenda kwenye usaili. Hatukumwambia panda mbegu. Tulimpa nauli, tukamwombea mlangoni, akaondoka. Kazi ile hakuipata. Wiki hii ana usaili mwingine, na nauli tunaitafuta tena.

Michango ya harusi tunaichagua, na hili naomba niliseme wazi kwa sababu wengi linawaumiza. Kadi ya laki moja ya mtu tusiyemfahamu vizuri tunaikataa kwa upole, tunatuma kidogo tulichonacho na salamu za heri, na hatuoni aibu. Aliyekosa dawa ana haki mbele yetu kuliko ukumbi.

Deni nalo litajwe mezani. Ukikopa kwenye simu ili utoe sadaka, umetoa ya mtu mwingine, na riba yake itamlipisha mwanao. Ule mstari wa 12 wa 2 Wakorintho 8 unatosha: kwa kadiri ya alivyo navyo mtu.

Na kuna kutoa kusikohitaji fedha kabisa, ambako mama wa Songea amekuelezea vizuri. Mumeo akiwa na Jumamosi moja ya nafasi, apande basi akamsalimie mama yake. Kwa mgonjwa wa kisukari anayekaa peke yake, mwana kufika mlangoni ni sadaka, na nadhani wewe unajua hilo kuliko mimi kwa sababu umebeba jukumu lile peke yako.

Mama wa Songea, kama bado unasoma: dada huyu yuko Dar na hana jumuiya ya karibu ya kumshika mkono wiki hii. Mweleze namna mnavyoanzisha lile daftari, watu wangapi wanatosha kuanza, na nani anakaa nalo. Nami nitalipeleka kwetu Jumapili.